Barua ya wazi: Mdogo wangu alifeli kupimwa ulemavu kwa sababu alikuwa ameoga

Kwa Mheshimiwa Waziri unayeshughulikia ulinzi wa jamii, kwa makatibu wako, kwa wakubwa wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na kwa kila dakta anayekaa kwenye ile meza ya kupima watu hospitalini

Assalamu alaikum, na wale wa Bwana asifiwe pia nawasalimu. Mie ni dada mtu tu, naishi Likoni, Mombasa, asubuhi nauza mahamri na mbaazi, jioni viazi karai. Siandiki kuchangisha pesa kwa hivo msiogope, hakuna namba ya simu mwisho wa barua. Naandika kwa sababu mwaka 2025 mumetutungia sheria mbili, ile mpya ya watu wenye ulemavu iliyotiwa sahihi mwezi wa Mei ikaifuta ile ya 2003, halafu Julai ikaja ile ya ulinzi wa jamii, na kila mtu anatwambia subirini mambo yatabadilika. Sawa. Lakini sie huku chini tunajua sheria ni kitu cha kusomwa bungeni, kinachotugusa sie ni kanuni na fomu, na fomu ndio nataka kuizungumzia kabla hamjaichapisha nyingine ikawa ni ile ile na nembo mpya.

Mdogo wangu ana skizofrenia, maradhi ya akili. Nalitaja jina la maradhi yenyewe mapema kwa sababu huku kwetu halitajwi, watu wanasema amechanganyikiwa, kichwa kimemruka, ana majini, na sie wenyewe nyumbani tulipoteza miaka miwili kwa waganga kabla nesi mmoja mzee hajamwambia mama mlete kliniki huyu mtoto, majini hayatibiwi kwa kuku wekundu peke yake. (Nesi mwenyewe alikuwa Mgiriama na anayaamini majini vizuri tu, ndio maana mama akamsikiliza.) Tangu hapo anadungwa sindano ya kila mwezi na vidonge vya usiku, na akiwa na dawa zake ni kijana kama kijana yeyote, anasali, anaosha vyombo, anaishabikia timu yake ya mpira mpaka unachoka kumsikia. Akikosa dawa ni mtu mwengine kabisa. Hilo neno "akiwa na dawa" na "akikosa dawa" lishikeni, kwa sababu barua yote hii iko hapo.

Siku ya kupimwa ilikuwa Alhamisi. Usiku wake nilimpigia pasi shati, lile la bluu la mikono mirefu alilovaa harusi ya binamu yetu. Asubuhi akaoga, akanyoa ndevu mwenyewe, akapaka mafuta, akatia hata uturi kidogo. Kwetu ukienda mbele ya wakubwa unaenda nadhifu, hivo ndivo mama alivotulea na sikuona sababu ya kubadilisha siku hiyo. Tukavuka feri, na pale kwenye mteremko wa kushukia mdogo wangu akaziba masikio kwa viganja viwili kama afanyavo siku zote watu wakiwa wengi, nikamshika mkono wa shati tukasimama pembeni mpaka umati wote ukapita na mikokoteni na pikipiki ndio tukashuka. Hiyo peke yake ingewaambia kitu, lakini hakuna dakta aliyekuwa kwenye feri.

Hospitali sitaitaja. Tulifika saa moja, tukaitwa saa nane kasoro. Madakta watatu mezani, na hakuna hata mmoja ambaye ni dakta wa akili, sisemi kwa ubaya, ndio waliokuwepo. Wakamuuliza unakula mwenyewe? Ndio. Unaoga mwenyewe? Ndio dakta, hata leo nimeoga. Unavaa mwenyewe, unaenda choo mwenyewe? Ndio. Leo siku gani? Alhamisi, akataja na tarehe, halafu akaongeza na tarehe ya Kiislamu kwa sababu ni mtu wa kupenda kalenda. Dakta akatabasamu. Wewe unasikia sauti sauti? Akajibu, "Saa hizi hapana."

Nilikuwa nimekaa nyuma yake, nikaona ile kalamu ikitia alama. Palipoandikwa sauti pakatiwa hapana. "Saa hizi" haikuandikwa popote, fomu haina nafasi ya "saa hizi".

Dakika kama sita hivi, basi. Mie nilipotaka kusema kitu nikaambiwa mama subiri, tunazungumza na mgonjwa mwenyewe, anajieleza vizuri sana. Na kweli alijieleza vizuri, nilijivuna hata. Karatasi ikatoka: ulemavu mdogo. Ukishaandikiwa mdogo, ile pesa ya watu wenye ulemavu mkali ndani ya Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza, isahau, hata mzee wa mtaa hakuulizi tena jina lako.

Siku 19 baada ya hapo mdogo wangu alitembea kwa miguu kutoka Likoni mpaka Kombani, kule Kwale, bila viatu. Mwezi ule sindano hospitalini ilikuwa imeisha, tukaambiwa tukanunue nje, na mie wiki ile unga na mafuta vilikuwa vimepanda pamoja, nikasema nitainunua wiki ijayo, wiki moja itadhuru nini. Ilidhuru. Siku ya kwanza hakulala, siku ya pili akafungua redio nyuma kwa bisibisi kutafuta mtu anayemsema, siku ya tatu alfajiri nikiwa nachoma mahamri ya kwanza nikasikia mlango, nikadhani anaenda msikitini. Tulimpata saa kumi jioni amekaa kando ya barabara kuu na kofia ya marehemu baba mkononi, nyayo zimejaa malengelenge, mwenye duka mmoja wa pale amempa maji na amewafukuza watoto waliokuwa wakimtupia mawe. Mwenye duka huyo Mungu amlipe. Na hapo ndio nikaambiwa na dakta wa wodini, huyu sasa hivi ana hali mbaya sana, mumempimisha ulemavu? Nikacheka. Nilicheka kicheko mpaka nesi akaniangalia mie.

Sasa kuna jirani yetu mmoja, mjuzi wa mambo ya maofisi, kila chifu anamjua. Huyu aliponiona na lile karatasi akaniambia wewe ndiwe uliyeharibu. Ati mtu wa akili hapelekwi kupimwa ameoga. Wiki mbili kabla humpi dawa, siku tatu humwogeshi, unamvalisha fulana ya kampeni iliyotoboka, na wewe mwenyewe ukifika pale unalia kidogo. Ndio wanavofanya wenzio wote, akasema, na wanapata. Na akanitajia nyumba mbili nazozijua mie.

Waheshimiwa, hebu hapa msome polepole. Mtu wa kwetu anajua kwamba mgonjwa wake akipewa dawa anakosa pesa, na akinyimwa dawa anapata pesa. Pesa yenyewe ndio ya kununulia dawa. Kwa hivo umfanye kwanza mgonjwa wako augue kwa makusudi, ahatarishe maisha yake na ya watoto waliomo ndani ya nyumba, ndio serikali imuone, halafu akishaonekana ndio umtibu kwa siri asije akapona mbele ya afisa. Mie sikufanya hivo na sitafanya, lakini siwezi kumlaumu mama mwenye watoto watano aliyefanya. Nawalaumu nyinyi na ile fomu.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba maneno yenu wenyewe yanatuingiza. Nilikaa na mtoto wa dada yangu, yuko chuo, akanisomea maelezo ya ule mpango wa watu wenye ulemavu mkali. Yanasema ni mtu anayehitaji uangalizi wa kudumu, kulishwa, kupelekwa choo, na kulindwa na hatari, hatari ya watu wengine na hatari anayojiletea mwenyewe, na kwamba anahitaji kuangaliwa kila siku kiasi kwamba mzazi au mlezi wake inabidi awe nyumbani au karibu naye wakati wote. Nikamwambia rudia hapo kwenye kulindwa. Akarudia. Nikamwambia rudia hapo kwenye mlezi. Mie nilikuwa nafanya kazi hoteli Diani, idara ya usafi wa vyumba, mshahara unaingia mwisho wa mwezi, tipu za wazungu juu yake. Niliacha mwaka alioingia wodini mara ya pili kwa sababu mama hawezi kumzuia mlangoni akiamua kutoka. Mahamri nilianza kuyauza kwa sababu hiyo tu, biashara unayoweza kuifanya ukiwa unaona mlango wa nyumba yako. Sasa kama huyo sie mlezi anayelazimika kukaa karibu wakati wote, ni nani? Lakini anayepima anasoma mpaka kwenye kulishwa na choo, akiona mtu ana mikono miwili na anakula pilau mwenyewe, anafunga faili.

Hiyo pesa yenyewe tunayogombania ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Elfu mbili ile ile kwa zaidi ya miaka kumi sasa, sukari imepanda, nauli imepanda, elfu mbili imekaa tu pale, tena mara nyingi inachelewa ikaja ya miezi miwili kwa mpigo au ikapitiliza. Mtu wa Nairobi aliyezoea kuagiza kahawa ataona ni hela ya kuchezea. Kwangu mie ni sindano moja ya dukani, vidonge vya mwezi, na matatu za kwenda na kurudi siku ya kliniki, yaani ni ule mstari mwembamba kati ya shati la bluu na Kombani. Sijasema itoshe kula. Na juu ya hapo tangu Oktoba 2024 ile bima ya afya ya zamani imeondoka ikaja mpya ya SHA, na sie jua kali tunatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mpigo, chini kabisa 300 kwa mwezi, zidisha mara 12 ni 3,600 mkononi siku moja, kabla hujanunua kilo moja ya unga. Wanaolipwa mshahara wanakatwa kidogo kidogo. Muuza mahamri ndiye anayetakiwa awe na akiba, haya.

Nikiambiwa watu wenye ulemavu wana nafuu nyingine, mfano ile ya ushuru, nacheka tena. Mtu mwenye cheti cha ulemavu mapato yake ya kwanza 150,000 kwa mwezi hayakatwi kodi ya mapato, ni nafuu nzuri na mwenye mshahara inamsaidia kweli. Lakini mtu wa skizofrenia mwenye mshahara mumuonyeshe mie nimpigie makofi. Namjua mmoja wa baipola, yale maradhi ya akili ya kupanda na kushuka moyo kupita kiasi, ni mwalimu, rafiki yangu tangu shule ya msingi, amemeza vidonge miaka tisa na darasa lake linafaulu. Yeye angepata hiyo nafuu. Hajaomba na hataomba. Kwa sababu cheti kinapita kwa mwajiri, na siku karani wa shule atakaposoma ni ulemavu gani, kabla ya saa sita wazazi wote wameshajua kwamba watoto wao wanafundishwa na kichaa. Anasema ni bora nikatwe kodi kuliko kukatwa jina. Mtu wa kiti cha magurudumu akiingia ofisini wanampisha, wanamfungulia mlango. Huyu wa akili akijitangaza mlango ndio unafungwa. Kwa hivo mukiangalia rejista zenu mukaona sie wachache, musidhani hatupo.

Hata kuhesabiwa hatukuhesabiwa. Sensa ya 2019 ilitoa kwamba wenye ulemavu, kuanzia miaka mitano kwenda juu, ni watu 918,270, asilimia 2.2 ya wote. Maswali yalikuwa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka na kuwa makini, kujihudumia, kuwasiliana. Yule karani wa sensa alikuja kwetu na kile kidude chake cha kubonyeza, akauliza yote hayo, mdogo wangu akiwa amekaa pale barazani anakunywa chai, na kwa kila swali jibu la kweli lilikuwa hana shida. Kukumbuka? Huyu anakumbuka matokeo ya Kombe la Dunia tangu 2002. Akaandikwa mzima. Hakuna aliyedanganya, swali lenyewe ndilo halikuwepo.

Katiba nayo si mnaijua kuliko mie. Kifungu cha 260 kinapoeleza ulemavu ni nini kinataja wa kimwili, wa hisia, wa akili, na wa kisaikolojia, na hata kinasema ugonjwa au hali yenye athari ya muda mrefu kwa mtu kufanya shughuli zake za kila siku. Cha 43 kinasema serikali itampa msaada mtu asiyeweza kujikimu. Imeandikwa 2010. Halafu Juni 2022 mkabadilisha sheria ya afya ya akili ya 1989, mkaondoa maneno mengi ya ukoloni, mkasema kaunti zitoe huduma na mgonjwa asibaguliwe. Kabla ya hapo kulikuwa na lile jopo la Dakta Frank Njenga, 2020 likaiambia serikali itangaze maradhi ya akili kuwa janga la kitaifa. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilichokuwa kinamfunga mtu aliyejaribu kujiua kinavunja katiba, na hapo mie nilikaa chini nikashukuru, kwa sababu miaka yote mama alikuwa akiogopa polisi zaidi ya anavoogopa ugonjwa. Kwa hivo sisemi hakuna lililofanywa. Nasema hayo yote yanapita juu kama ndege za Moi International, tunazisikia, hazitui kwenye ile meza ya madakta watatu.

Nikiwa kwenye hayo, nina binamu yuko Leicester, anafanya kazi ya kuhudumia wazee. Alinipigia mwaka jana akaniambia hata huku kwa wenye pesa ni vita vile vile. Serikali ya Uingereza 2025 ilitaka kukaza ile posho yao ya ulemavu inayoitwa PIP, mtu apate angalau pointi 4 kwenye shughuli moja, kama kupika peke yake au kuoga peke yake, asiruhusiwe kujumlisha pointi 2 hapa na 2 pale. Sasa fikirieni, mtu wa akili ndivo alivo, mbili hapa mbili pale, anaweza kupika ila lazima akumbushwe, anaweza kuoga ila lazima ahimizwe. Walioelewa walipiga kelele sana, wabunge wa chama chao wenyewe serikali wakagoma, na tarehe 1 Julai mchana kweupe mjadala ukiendelea bungeni waziri akasimama akakiondoa kile kipengele mpaka kwanza wafanye mapitio. Sikitaji hiko kisa ili muige wazungu. Nimekitaja kwa sababu binamu yangu aliniuliza huko kwenu pointi ngapi, nikamwambia sie hatuna pointi, sie tuna shati.

Najua mutasema nini. Mutasema kuna walaghai. Wapo! Kuna watu wanakwenda ofisini kwa miguu yao miwili mizima na wana vyeti vya ulemavu wasikatwe kodi, na wamevipata kwa kujuana. Wakamateni. Lakini mulaghai hamtamshika kwa kumuuliza mgonjwa wa akili kama ameoga, mulaghai ndiye atakayekuja hajaoga. Fomu yenu ya sasa inamchuja mkweli na kumpitisha mwongo, sijui kama hilo munaliona huko muliko.

Ushahidi wa ugonjwa huu upo na hauhitaji mashine. Kila mgonjwa wa kliniki ana kitabu. Cha mdogo wangu ni kile cha mazoezi cha kurasa 48, kimeshikizwa na kile cha pili na cha tatu kwa pini kwa sababu kimejaa, jalada tumelivika gazeti. Ndani yake kuna kila sindano, kila tarehe aliyokosa, kila mara aliyolazwa na siku aliyotoka, sahihi za madakta sita tofauti, na sehemu moja kuna alama ya chai yangu. Ni miaka kumi na moja ya mtu imo mule. Niliibeba siku ile, ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki mapajani mwangu, hakuna aliyeniomba nikitoe. Sasa mie siyo mwanasheria lakini naona kitu cha kwanza kwenye kanuni mpya ni hicho, kwamba mtu wa maradhi yanayokuja na kuondoka apimwe kwa mwaka wake na siyo kwa asubuhi yake. Muulize mwaka uliopita alilazwa mara ngapi, alikosa kulala siku ngapi, alipotea mara ngapi, nani alimtafuta. Na muulize hali yake akikosa dawa, kwa sababu hapo ndipo ugonjwa ulipo, dawa haiondoi ulemavu kama vile miwani isivyoondoa ubovu wa macho ya mtu, ukimvua anarudi pale pale.

Na mlezi azungumze. Mgonjwa awe wa kwanza, sawa kabisa, ni mtu na heshima yake na mdogo wangu hapendi kusemewa, tumeshagombana kwa hilo. Lakini akimaliza, mie niulizwe pia, hata dakika tatu. Kuna mambo yeye hayajui kwa sababu siku zile hakuwepo, ingawa mwili wake ulikuwepo. Hajui kwamba alifika Kombani. Mpaka leo anasema alikwenda kutembea kidogo.

Jambo la kumrudisha mtu kupimwa tena na tena pia mulitizame. Skizofrenia siyo malaria. Mtu wa miaka kumi na moja ya kitabu munamtaka akathibitishe nini upya, kwamba hajapona kwa bahati? Kila safari ya kupimwa ni siku nzima ya biashara imekwenda, ni feri, ni foleni, ni watu wengi, ni yale masikio kuzibwa. Kuna wanaokata tamaa njiani na nyinyi munaandika hakutokea.

Hiyo elfu mbili sitaki kuiongelea sana, mumeshaambiwa na wazee wa miaka 70 na zaidi wanaopokea hiyo hiyo, na wana sauti kuliko sie. Nasema tu kama haiwezi kupanda, basi dawa za akili zisikosekane kwenye hospitali za kaunti, na mie nitawaachia hiyo elfu mbili yenu mukaipe nyumba nyengine. Kweli kabisa. Mtu akinipa sindano kila mwezi bila kukosa mwaka mzima namfuta mdogo wangu kwenye kila foleni ya Inua Jamii.

Na mukikaa kuandika hizo kanuni musiwaite tu madakta na wanasheria. Kuna vikundi vya wenyewe waliougua, Users and Survivors of Psychiatry wamekuwepo Kenya tangu 2007, wanajua mambo haya kuliko mie na kuliko nyinyi, na wanazungumza Kiswahili na Kiingereza chochote mukitakacho. Waiteni kabla fomu haijachapishwa.

Sie tumeomba kupimwa upya. Tumepewa tarehe, ni Alhamisi tena, sijui kwa nini zao ni Alhamisi. Yule jirani ameshapita barazani mara mbili kunikumbusha ile habari ya fulana. Sindano ya mwezi huu ameshadungwa, ilipatikana. Shati la bluu limebana kidogo tumboni, dawa zinamnenepesha, kwa hivo nimemnunulia jengine Kongowea, la kijani, na kola yake ni nzuri. Atakuja ameoga. Atataja tarehe zote mbili. Kitabu safari hii nitakiweka juu ya meza mwenyewe kabla hamjauliza swali la kwanza, na chini ya lile gazeti kwenye jalada nimeandika kwa kalamu nyekundu ukurasa wa Kombani ni upi.

Wenu,
Dada mtu, Likoni